Kimya Kilichokatwa

Alikuwa amekikata kimya cha shangazi yetu, na bado alikuwa anatabasamu.

"Sikiliza sasa," kaka yangu alisema, akinisogezea simu. "Inateleza yenyewe. Nimeshairusha, watu wanasikiliza."

Nilisikia sauti yangu ikiuliza swali, na sauti ya shangazi ikijibu papo hapo, kama mtu aliyeulizwa kama ameshakunywa chai. Damu ilinipanda kichwani. Miaka imekwenda, kaka yangu ameota mvi, lakini nikilikumbuka lile tabasamu lake hasira yangu huamka ikiwa mbichi vilevile.

Podikasti tuliianzisha mikono mitupu. Hatukuwa na kipaza sauti wala chumba. Tulikuwa na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, na maneno mengi. Mwanzoni tulirekodi jikoni, sauti zikaturudia kana kwamba tumo ndani ya pipa. Tukahamia sebuleni, na jirani akachagua siku hiyohiyo kupigilia misumari. Ndipo nilipoingia stoo ya duka la shangazi, aliyekuwa fundi cherehani, kutafuta uzi. Niliita, sauti yangu ikafa palepale. Majora ya vitambaa yalikuwa yamepangwa hadi darini na yalimeza kila mwangwi. Tukaisimamisha simu juu ya kopo la vifungo, tukaivisha soksi ili pumzi zetu zisivume, na hiyo ndiyo ikawa studio.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. "Simu imevaa soksi, na nyinyi mko peku!"

Aliyehariri ni kaka. Tulimwita Profesa, kwa sababu kila alichokijua alikitoa kwenye video za watu wasiomjua, kisha akatufundisha kwa ukali kana kwamba amekivumbua yeye. Siku zile alikuwa amejifunza kwamba ukimya unafukuza wasikilizaji. Akapata programu ya bure yenye kitufe kimoja: ukikibonyeza, inapita kwenye rekodi nzima na kufyeka kila mahali ambapo hakuna anayesema.

Kitufe kimoja, kwa shangazi yangu.

Shangazi hakuwahi kuuzungumzia moto. Tuliujua kama watoto wanavyojua mambo ya wakubwa, kwa vipande. Tulijua kwamba zamani alishona katika kiwanda cha sare. Tulijua kwamba msimamizi wao alikuwa na kawaida ya kufunga mlango kwa kufuli zamu ikianza, asije mtu akatoka na kipande cha kitambaa, na kwamba siku moto ulipozuka alikuwa nje, ufunguo mfukoni. Shangazi alipenya dirisha la chooni. Rafiki yake waliyekaa naye cherehani kwa cherehani, waliyemwita Kicheko, hakupenya. Msimamizi hakuulizwa na yeyote. Baadaye akafungua kiwanda chake mwenyewe, akawa mtu wa kukaribishwa viti vya mbele.

Mle stoo, kwa mara ya kwanza, shangazi alisimulia yote, huku mikono yake ikikata kola za mashati. Alipofika mwisho nikamuuliza, "Shangazi, umemsamehe yule mtu?"

Mkasi ulisimama. Nilimsikia akivuta pumzi, akaiacha. Aliuweka mkasi chini, akauokota, akauweka tena. Pua iliniwasha nikaogopa hata kujikuna. Nilidhani hatajibu kabisa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeinua gunia lililomzidi, "Nimemsamehe." Aliyekisikia kimya kile asingehitaji kuambiwa neno lile limemtoka kwa shida gani, wala asingeliamini sana.

Wasikilizaji wetu hawakukisikia.

"Kirudishe," nilimwambia Profesa.

"Nirudishe nini?"

"Kimya chake."

"Sasa wewe, ule si ukimya tu? Hakuna alichosema pale."

"Alisema! Yote aliyotaka kusema aliyasema pale!"

Nikadai ile rekodi nzima. Hapo ndipo tabasamu lilipomtoka. Simu ilikuwa imejaa, alisema, programu ikagoma kufanya kazi bila nafasi, kwa hiyo aliifuta. Nilimtukana kwa matusi ambayo sikujua kama ninayajua.

Siku ya pili yake mama yake Kicheko alikuja dukani. Mjukuu wake alikuwa amemsikilizisha. Tangu ule moto, shangazi ndiye aliyekuwa binti kwake: ndiye aliyemshonea nguo, ndiye aliyempeleka hospitali, ndiye aliyemkumbusha dawa. Siku hiyo alikataa kiti.

"Mwanangu, nimekusikia," alisema. "Upesi hivyo? Mimi sijamaliza kulia, wewe umeshamaliza kusamehe?"

Shangazi akanitazama. Hakuwa ameisikiliza podikasti, hakujua kilichofanyika. Nikaanza kueleza habari za programu, kitufe na simu iliyojaa, na kila nilichosema kilisikika kama kisingizio cha mtoto aliyevunja sahani.

"Mimi mambo ya mitambo siyajui," mama yule alinikata. "Najua nilichosikia." Akageuka, akashika fremu ya mlango ili ateremke ngazi. Nilimwona shangazi akimtazama mgongo, na nikaelewa kwamba akifika barabarani hatarudi tena.

"Washa," shangazi akasema.

"Niwashe nini, shangazi?"

"Hilo lidude lenu. Mama, ngoja. Njoo usikie kwa masikio yako. Na wewe, niulize tena."

Tuliingia stoo sote. Mama yake Kicheko tulimkalisha juu ya jora la kitambaa cha sare. Profesa alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakuwa na somo la kumfundisha mtu. Nikawasha. Nilikuwa na hasira na kaka yangu, ndiyo, lakini nilikuwa na hasira zaidi na yule mtu aliyekuwa anakula na kulala vizuri, wakati wanawake hawa wawili wanagombana juu ya msamaha ambao hajawahi hata kuuomba.

"Shangazi, umemsamehe yule mtu?"

Safari hii hakunyamaza hata kidogo.

"Hapana," alisema. "Sijamsamehe. Juzi nilisema vile kwa sababu ndivyo watu wanavyosema."

Mama yake Kicheko aliinama, akaishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mpaka karibu na mdomo wa shangazi.

"Sema na jina la mtu huyo," alimwambia.

Shangazi akalitaja, lake na la baba yake na la babu yake, na mimi sikuizima.