Kona ya Chini Kulia

Nusura alikuwa na sifa moja ambayo hata mahasidi wake hawakuweza kumnyang'anya: lenzi pana, ile inayokusanya eneo kubwa kwa mara moja, ikipita mikononi mwake, pembe zote nne za picha hutoka safi. Wapiga picha wa Kampala walimfuata kutoka kila kilima, lenzi zimeviringwa kwenye taulo, wakilalamika kwamba picha zao zinaingia giza pembeni. Naye aliwacheka kwanza ndipo awakaribishe kiti. Umenunua filta mbili nene, angewaambia, ukazipandanisha kioo juu ya kioo, juu yake ukabandika kofia, sasa ulitaka lenzi ione nini? Lenzi pana haina adabu, mzee. Huona hata ukuta wa nyumba yake.

Kofia, kwa asiyeijua, ni kile kikombe cha plastiki kinachovishwa mbele ya lenzi kukinga jua. Ya lenzi pana ina masikio manne, mawili marefu na mawili mafupi. Marefu hukaa juu na chini, mafupi hukaa ubavuni. Ikipinda kidogo tu, sikio refu huingia kwenye pembe ya picha na kumeza chochote kilicho hapo. Na zile za kukaza kwa kuzungusha ndizo kaidi zaidi, maana hukomea zinapotaka zenyewe. Nusura alizitia adabu kwa utepe mwembamba wa mafundi bomba, akiuviringa kwenye meno ya kukazia mpaka kofia ikomee pale anapotaka yeye. Kisha alitia nukta ya rangi nyeupe ya kucha juu ya sikio la juu. Nukta ikiwa juu, kofia imenyooka.

Kazi hiyo alifundishwa na babu yake, mzee Abdulghani, katika duka lile lile jirani na soko la Owino, na picha ya mzee ilikuwa bado ukutani. Ilikuwa picha ya Idi, familia nzima imeketi sebuleni, babu katikati na kanzu yake. Kona ya chini kulia ilikuwa nyeusi. Mzee aliitega kamera ijipige yenyewe, akakimbia kuketi, na filamu iliposafishwa, aliona giza lile akasema macho yake yamechoka. Hakufika Idi nyingine.

Aliyekuwa ameketi kwenye kona ile, asionekane hata kidole, ni Shamim, akiwa na miaka tisa, wiki mbili tangu baba yao amlete nyumbani kutoka kwa mwanamke ambaye jina lake halikutajwa. Sasa Shamim alikuwa mtu mzima, alichapisha picha na kuzipanga kwenye bahasha, na kila Ijumaa aliipangusa ile fremu kwa kitambaa. Nusura hakuwahi kusema "ndugu yangu" bila kuongeza "kwa baba." Miaka ishirini na ushei, na hakusahau hata siku moja kuongeza.

Sajini Olal alipofariki, mjane wake alikuja dukani mwenyewe. Watu walimwita Mama Oyat, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hakuna harusi wala sherehe ya cheo katika kambi yao ya jeshi ya Makindye iliyopigwa picha bila yeye kusema mpiga picha gani aitwe. Na kila mara aliyeitwa ni Nusura. Siku hiyo hakutaka soda wala pole nyingi. Alieleza kwamba maiti ingesafirishwa kesho yake saa sita mchana kwenda kuzikwa Kitgum, na kabla ya hapo picha zingepigwa na sanduku kama ilivyo desturi: mjane, kisha yatima, kisha wakwe, kisha wajukuu, kila kundi likiitwa kwa zamu. Tatizo lilikuwa kwa yatima. Kulikuwa na msichana huko mtaa wa Namuwongo, anauza mkaa karibu na reli, anaitwa Aol. Marehemu alimzaa nje. Sasa Koplo Ocaya, rafiki wa marehemu, alikuwa ameapa mbele ya wazee kwamba msichana atasimama na wenzake.

Nusura alisema hilo ni jambo dogo, kompyuta itamfuta.

Mama Oyat alitikisa kichwa. "Ukifuta yeye, watu watasema ni mimi nilituma. Nataka ikuwe bahati mbaya tu. Bahati mbaya haina mwenyewe."

Hapo angeweza kukataa. Ningependa kusema alisita, lakini hakusita. Alipata raha fulani, raha ya fundi aliyeulizwa swali ambalo jibu lake analo yeye peke yake, maana kazi hiyo alishawahi kuifanya mara moja. Alikuwa na miaka kumi na minne asubuhi ile ya Idi alipomkabidhi babu kamera, kofia ameigeuza kwa kidole. Tena ndiye aliyemwonyesha yule mtoto mgeni mahali pa kuketi kwenye mkeka. Babu alilaumu macho yake mpaka kaburini, na Nusura alimwacha alaumu.

Kesho yake, kwenye ua mwembamba kati ya nyumba mbili za kambini, sanduku liliwekwa juu ya mabenchi mawili. Simu zote zilikuwa zimeachwa getini, ndiyo sheria ya kule, na mwenye ruhusa ya kamera alikuwa Nusura peke yake. Ua wenyewe haukuwa na nafasi ya kurudi nyuma hata hatua saba. Bila lenzi pana usingepata hata nusu ya ukoo.

Alimtambua Aol bila kuonyeshwa. Alikuwa na miaka kama ishirini na miwili, gauni amelipiga pasi mpaka likang'aa, kucha bado na weusi wa mkaa. Kabla shughuli haijaanza alimwendea Nusura, akapiga magoti kidogo kumsalimu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hana picha na baba yake. Si ya utotoni wala ya juzi, hana. Baba alikuwa akija Namuwongo jioni na kuondoka, na kila mara aliahidi kwamba siku moja wataenda studio.

"Hii ndiyo tutapiga na yeye, dada," alisema. "Fanya nionekane vizuri."

Nusura alimwambia asiwe na wasiwasi.

Mjane alipigwa picha, pembe nne safi. Yatima wakaitwa. Koplo Ocaya akamshika Aol mkono, akasema kwa sauti ya paredi, "Huyu ni ya Olal. Nani anakataa?" Hakuna aliyekataa. Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mama Oyat aliinuka akamkumbatia msichana mbele ya wote, na wazee wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Nyuma ya kamera Nusura aliongeza filta ya pili ili kofia isogee mbele, akaizungusha mpaka nukta nyeupe ikatoka juu ikaenda kwenye kona. Alitazama. Sikio moja refu lilimeza kipande cha paa. La pili lilimeza kona ya chini kulia.

Aliwapanga kwa upole. Wavulana wasimame nyuma, wasichana wapige magoti mbele. Aol akae mwisho, upande ule. Asogee nje kidogo. Kidogo tena. Hapo hapo, amependeza kweli. Msichana alitabasamu tabasamu la msibani, lile la kujizuia, na ndani ya kioo cha kamera giza likamfunika kuanzia nywele mpaka gauni. Dakika ya mwisho alinyoosha mkono akaushika ubao wa sanduku. Nusura aliuona ule mkono ukibaki nje kwenye mwanga, na akaona si vizuri kumwambia autoe, watu wangeshangaa. Alipiga picha tatu. Kisha akavua filta ya pili, akanyoosha kofia, akaita wakwe.

Siku ya nne Aol alikuja dukani. Shamim ndiye aliyempa bahasha. Msichana alizitoa picha tatu, akazitandaza mezani, akaanza kujitafuta kama mtu anavyotafuta jina lake kwenye orodha ya waliofaulu, akianzia katikati, kisha nyuma, kisha akarudi tena mwanzo. Hatimaye aliweka kidole kwenye weusi.

"Mimi nilikuwa hapa," alisema.

Nusura alimpa pole. Alimweleza kwamba kofia iligongwa na mtu kwenye ule msongamano, ikapinda, na jua nalo lilikuwa kali hakuona. Mambo ya lenzi pana, ndiyo shida yake. Alisema yote hayo akifungua kasha la filta asilolihitaji.

Aol alikuwa hasikilizi. Alikuwa ameinama karibu na picha. "Hii ni mkono yangu. Bangili ni ya mama yangu." Kisha akauliza kama kuna mashine ya kukatia. "Hawa wengine hawanitaki, na mimi siwahitaji kwa nyumba yangu. Nikatie hii tu. Mkono yangu na sanduku yake."

Nusura aliikata. Kipande kilitoka kidogo, ukubwa wa picha ya kitambulisho. Aol alishukuru kwa magoti, akakitia kwenye kitambaa pamoja na nauli yake, akaondoka, picha nyingine mbili akaziacha mezani.

 Shamim ndiye aliyezichapisha picha zote za msiba ule, na sasa alilitoa faili lote akazipanga mezani kwa mfuatano: mjane, yatima, wakwe, wajukuu. Alifanya kazi hiyo taratibu, kama anavyofanya kila kitu.

"Imepinda kwa picha tatu tu," alisema. "Halafu ikajinyoosha yenyewe?"

Nusura alisema wateja wanakuja, aondoe makaratasi.

Shamim alichukua lenzi pana, akavisha filta mbili na kofia juu yake, akaiweka kwenye kamera. Alizungusha kofia huku jicho likiwa kwenye kioo, akiuelekea ukuta, hadi giza likaingia kona ya chini kulia, na hapo mkono wake ukasimama. Alishusha kamera. Aliivua ile fremu ya Idi kutoka msumarini na kuiweka mezani karibu na mabaki ya picha ya Aol. Giza lilikuwa na umbo moja, ukingo ule ule uliojipinda, na juu kushoto, pale ambapo msiba ulipoteza kipande cha paa, Idi ilikuwa imepoteza kipande cha pazia.

"Kila Ijumaa namwombea babu," alisema Shamim, "Mungu amsamehe macho yake. Yeye mwenyewe aliniomba radhi, Nusura. Alilia. Wewe ulikuwa umekaa pale pale unakula halua."

  Nusura alinyoosha mkono kuichukua fremu, na Shamim akaisogeza mbali naye kwa upole, akageuza vile vibano vya nyuma, akaitoa picha ndani ya kioo. Aliinua mkono wa mashine ya kukatia, akaweka kona ile nyeusi chini ya kisu.

Kisha akaiondoa picha chini ya kisu bila kuikata.

"Yule msichana amepata mkono," alisema. "Mimi nikate nini?"