Wapulizaji

Tangu mkewe azikwe, mzee kuli alimsikia kila alipopita na gunia karibu na meza za kuchambulia mahindi: fuuu, fuuu. Haukuwa upepo. Ghala lile halikuwa hata na dirisha. Wakubwa waliyaziba yote wezi wasipite, wakasahau kwamba na kuli naye ana pua.

Hapo mahindi yaliyoota kuvu hayakutupwa. Wanawake waliyatia kwenye ungo, wakayapuliza mpaka ule unga wa kijani ukapaa na punje zikang'aa, kisha yakashonewa guniani. "Likipulizwa limepona!" msimamizi alipenda kusema, mwenyewe kasimama mlangoni, leso puani. Marehemu aliwashinda wote kwa pumzi. Wenzake walimwita Feni.

Daktari aliyemtibu marehemu hakuzunguka. Vumbi lile ni mbegu za kuvu. Zilikuta pafu lenye kovu la kifua kikuu cha zamani, zikaota humo.

"Na kuvu hiyo haili pafu tu, mzee. Inatoa sumu. Sumu inawalegeza askari wa mwili, wanabaki kama walevi, nyumba inatafunwa wakitazama."

"Kama wakubwa wetu," mzee alijibu. Daktari hakucheka.

Asubuhi hii, kwenye meza ya marehemu, mashavu yalikuwa yamevimba kweli. Bintiye! Yeye aliyeugua kifua kikuu kile kile pamoja na mama yake.

"Nani kakuleta hapa?"

"Msimamizi. Kasema nafasi ya mama isikae wazi." Alifuta kijani mdomoni. "Baba, nyumbani tutakula hewa?"

"Hewa ndiyo iliyomla mama yako."

Binti aliweka ungo mezani. Fuuu haikukoma. Ilitoka pale pale alipokaa, kana kwamba kiti kina watu wawili.

Mzee alitua gunia. Akachota ndoo ya maji pipani, akaimwaga juu ya nyungo. Akachota tena, akalowesha lundo zima. Vumbi likalala.

"Mwendawazimu!" msimamizi alipiga kelele bila kuvuka kizingiti. "Gari linasubiri! Yakilowa nani atanunua?"

"Hakuna, bosi."

"Toka! Na mwanao toka naye! Msirudi hapa hata kwa kuota!"

"Ahsante," mzee alisema, na kwa mara ya kwanza alimshukuru mkubwa kwa moyo mweupe.

Binti alimtangulia njia nzima, hamsemeshi, kanga kaivuta mpaka machoni. Mzee hakumbembeleza. Acha anune. Anayenuna yu hai.