Nahhas wa Unguja

"Nasikia huyu mdogo kaandika utafiti mzima wa chuo juu ya jina lenu," alisema Bi Ghada, shangazi yake Hazim, kijana aliyekuja kumposa dada yangu. "Hebu tusimulie, mwanangu. Kaka yangu hasomi Fatiha kabla hajaijua nasaba."

Sebuleni kwetu, mtaani Al Twar huku ughaibuni, wanawake wote walinigeukia. Katika chumba cha pili wanaume walikuwa wakisubiri jibu hilo hilo, ili wasome Fatiha ya kuikamilisha posa ya dada yangu Hala.

Mama aliniwahi. "Nahhas ni shaba, bibi. Sie wafanyabiashara wa shaba, jamaa wa wale Nahhas wakubwa wa Maskati."

Uongo huo Mama alikuwa ametufundisha tangu juzi. Hala aliniomba kwa machozi niukubali; nami nilimwahidi kunyamaza tu, nisijue kwamba nitaulizwa ana kwa ana.

"Sikukuuliza wewe, Kuruthum," Bi Ghada alimwambia Mama. "Namuuliza msomi."

Nilimtazama Hala. Alikuwa ameukamata upindo wa mtandio hadi kucha zimekuwa nyeupe. Nikisema kweli, huenda nikamvunjia ndoa. Nikidanganya, ataishi kwa wakwe akimwogopa kila mgeni atokaye Maskati. Alifumba macho, kisha akaniitikia kwa kichwa.

"Babu wa baba yangu, Mzee Sheikhan, alikuwa akitia bati masufuria Unguja," nilisema. "Alikuwa akiingia ndani ya sufuria kubwa la shaba pekupeku, akalisugua kwa mchanga kwa nyayo zake, akizunguka mpaka ling'are, ndipo alitie bati. Wateja Waarabu wakamwita Nahhas, yaani fundi wa shaba, na jina likaandikwa katika pasi yake ya kusafiria. Maskati hatuna jamaa hata mmoja."

"Mtia bati!" Bi Ghada aliguna. "Haya, mmetuheshimu kweli! Kaka yangu hatoitaka habari hii."

"Basi na aisikie kwangu," alisema Hala, akasimama.

"Hala! Rudi, we mtoto!" Mama alimshika mkono, ukamponyoka.

Dada yangu aliufungua mlango wa wanaume, akatoa salamu, akayarudia maneno yangu yote, hata zile nyayo na mchanga.

Baba yake Hazim aliinuka. "Khalas, yamekwisha. Twende, mwanangu."

Hazim alimtazama baba yake, akamtazama na Hala. Hakuinuka.