Kimya Alichokinunua Sabri

Arubaini ya mtoto ilikuwa imeshatoka, na Muzdalifa bado yuko Chukwani kwa mama yake. Mwanamke akijifungua mwana wa kwanza huenda kwao akalelewa, na arubaini ikitoka mumewe humfuata. Hilo halina ajabu. Ajabu ni kwamba Sabri alikuja kumfuata akarudi mikono mitupu, kwa kuwa Muzdalifa alikataa kuondoka. Mama yake, Bi Salhiya, alipomuuliza ana nini, akasema mashine ya Sabri inanguruma.

Na ilinguruma kweli, tusimsingizie. Ilikuwa kompyuta ya michezo, kasha la kioo lenye taa za rangi zote, utadhani mna harusi ndani. Sabri aliiunda mwenyewe, kipande kimoja kimoja kutoka Dubai, akaiweka chumbani kwao, ghorofani Kiponda, pembeni mwa kitanda. Alasiri akitoka kazini bandarini huvua viatu, akaiwasha, akakaa. Mchezo ukipamba moto na feni nazo hukimbia, zikavuma mpaka boriti za dari zikaitikia. Tangu waoane, Muzdalifa alikuwa akitazama kisogo. Alikijua kile kisogo kuliko alivyoujua uso wa mwenyewe.

Lakini la kisogo hakulisema. Mke wa mjini aliyefundwa hamwagi ya chumbani ovyo ovyo. Alimwita somo wake, Bi Mwanapili, yule mama aliyemfunda kabla ya harusi na ambaye mpaka leo ndiye anayepeleka maneno baina yake na mumewe.

"Somo, mwambie mashine yake inanguruma. Miye na mtoto hatutalala."

Bi Mwanapili akamtazama. Ameshawafunda maharusi wengi wa mjini na Ng'ambo, hakuwa mtu wa kufafanuliwa.

"Mashine tu?"

"Mashine tu, somo."

"Haya mwanangu. Nshafahamu."

Akenda Kiponda, akalifikisha neno kama alivyopewa, limefungwa barabara. Ndiyo desturi: mke hulifunga, somo hulibeba, na mume hutarajiwa awe na akili ya kulifungua. Baba zetu walilifungua. Mwanamume akiambiwa mkewe anakerwa na mlango unaolia, alijua aanze kurudi nyumbani mapema, na mlango wenyewe wala asiutie mafuta. Sabri alimsikiliza Bi Mwanapili kwa adabu, akamshukuru, akamsindikiza mpaka chini ya ngazi. Halafu akapanda juu, akaingia mtandaoni kutafuta kipozeo cha maji.

Jioni ile ile Muzdalifa akapokea ujumbe wa sauti. "Mke wangu, Bi Mwanapili kanieleza, na una haki. Hizi feni hazifai. Kwetu hapa joto, inabidi zikimbie sana, ndo maana zinapiga kelele. Nnatafuta kipozeo cha maji. Maji yanachukua moto yanaupeleka kwenye rejeta, kama gari. Rejeta ikiwa kubwa, feni zake zinazunguka polepole, huzisikii. Nipe muda kidogo nchague kilicho kimya."

Moyo wa Muzdalifa ukashuka, kisha ukapanda. Sicho alichokituma, lakini alipokea alichopewa. Mume mwingine angemwambia azibe masikio kwa pamba.

Basi Sabri akaanza kuchagua, na kwa kuchagua hakuwa na mfano. Alisoma maoni ya watu wa Ujerumani na Korea. Kipozeo hiki feni zake kimya, lakini pampu yake inanong'ona. Kile pampu haina neno, ila ukikifunga vibaya hewa hupanda kwenye pampu ikaanza kububujika kama mtungi. Kingine kizuri chote, rejeta yake haiingii kwenye kasha. Akiipata sauti iliyorekodiwa humpelekea mkewe, na Muzdalifa, huku mtoto ananyonya, huweka simu sikioni akasikiliza feni kama watu wanavyosikiliza taarab.

"Hiki vipi?"

"Kinavuma kidogo."

"Na hiki?"

"Hiki kina mluzi."

Alijikuta anaingoja simu ile. Tangu uchumba hawajazungumza namna hiyo, kila siku, kila mara. Alimwonesha mama yake picha za rejeta, moja ina feni mbili, nyingine ina tatu. "Tazama, mama, anavyohangaika kwa ajili yangu."

Bi Salhiya alikuwa anachagua mchele. "Naona," akasema. "Anahangaika."

Kisha mtoto, Riyama, akashikwa na homa. Muzdalifa akamwandikia mumewe kuwa mtoto anachemka, wako njiani kwenda hospitali. Jibu lilikuja papo hapo. Sabri alimwombea mtoto shifaa, akasema wakifika wamjulishe, na chini yake akatia sauti: asikilize pampu hii, hailii hata chembe. Muzdalifa aliisikiliza akiwa kwenye benchi la hospitali, mtoto anaungua mapajani. Ilikuwa kweli, hailii. Alilia yeye. Lakini alipofuta machozi akamtetea moyoni: wanaume ndivyo walivyo, na huyu angalau anatengeneza nyumba. Akaandika, "Hicho. Chukua hicho."

Riyama akapona, kipozeo kikafika, kikafungwa. Sabri akaja Chukwani kwa heshima zote, na shangazi yake Bi Mwanamkasi, kama inavyotakiwa. Muzdalifa alijifukiza udi tangu asubuhi. Alivaa gauni lililokuwa halijatoka sandukuni, akajipaka hina mpaka vifundoni. Njiani alikuwa anacheka peke yake nyuma ya ushungi.

Walipofika Kiponda shangazi akabaki chini kwenye chai, wao wakapanda. Sabri akafungua mlango wa chumba, akamshika mkewe bega, akanyanyua kidole.

"Sikiliza."

Muzdalifa akasikiliza. Zile taa zinawaka, zile feni tatu zinazunguka taratibu, na hakuna kitu. Alisikia watoto wanacheza kichochoroni. Alisikia vijiko vya shangazi huko chini.

"Unasikia?" Sabri alikuwa anang'ara. "Hakuna! Sasa laleni mnavyotaka."

"Umefanya kazi," akasema Muzdalifa, na alisema kwa dhati. Akakaa kitandani na mtoto, akavua baibui na ushungi ili hina ionekane na udi unukie. Akangoja.

Sabri akavuta kiti, akakaa. Kisogo kikarudi mahala pake.

Hapo ndipo ilipomwingia, na ilimwingia kama maji ya baridi. Mwanzo alikuwa na kelele za kulalamikia. Leo hata hizo hana, na amezichagua mwenyewe zitoke, kwa sikio lake mwenyewe. Akachukia mashine, akamchukia Sabri, na zaidi akajichukia yeye kwa kusikiliza feni wiki nenda wiki rudi akidhani anapendwa.

"Sabri."

"Naam." Hakugeuka.

Basi akavunja mafunzo yote ya Bi Mwanapili. "Mlio haukuwa kitu. Nilikuwa nnakutaka wewe. Nnataka ugeuke unitazame. Uniulize nimeshindaje, umpakate mwanao. Hilo ndilo nililokutumia kwa somo, mashine ilikuwa kanga tu ya kulifungia."

Vidole vya Sabri vikasimama. Akageuka, mwili mzima, akamtazama mkewe usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie. Alikuwa na uso wa mtu aliyeonewa, na hakuwa anaigiza.

"Sasa si ungenambia mapema?" akasema. "Nisingelikinunua."

Akageukia mchezo wake.

Muzdalifa akavaa baibui, akajifunga ushungi, akamfunika mtoto vizuri, akambeba, akashuka ngazi. Bi Mwanamkasi akaweka kikombe chini alipomwona na baibui lake.

"Kulikoni, mwanangu? Bado inanguruma?"

"Haingurumi, shangazi," akasema. "Nisindikize Darajani nikapate gari ya Chukwani."