Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Ruti aliolewa Igamba mwaka ule wa nzige, akitokea Ivuna, kule chini wanakochemsha chumvi. Wanawake wa kwa mumewe hawakuchukua siku nyingi kugundua tabia yake moja: hakai kitako mpaka amefunika miguu. Wenzake wakipumzika kivulini baada ya kulima, miguu imenyooshwa mbele, yeye ataikunja upande na kutupia nguo juu yake. Walimwona mwenye haya, wakampenda kwa hilo. Baadaye waliujua ukweli, nao hawakuusema.

Mguu wake wa kushoto uliungua akiwa na miaka saba. Mama yake alikuwa anachemsha maji ya chumvi kama watu wote wa Ivuna wafanyavyo kiangazi, Ruti akapita mbio kati ya mafiga, chungu kikapinduka. Alilala ndani msimu mzima. Alipotoka, vidole vitatu havikuwapo tena, na viwili vilivyobaki vilikuwa vimejikunja kwa ndani. Mguu wenyewe ulikuwa mzima. Alilima kwa mguu huo, alipanda milima ya Mbozi na debe la maji kichwani, akazaa watoto wanne na kuwabeba wote mgongoni. Alichokataa ni kutazamwa.

Mumewe, Amoni Mbonile, hakuwa mtu wa maneno. Ujana wake aliutumia katika shamba la kahawa la Mzungu mmoja, akishona matandiko ya farasi na hatamu za maksai wa kukokota magari. Alipoacha kazi ili apande kahawa yake mwenyewe, alirudi nyumbani na msharasi wa kutobolea ngozi, sindano mbili nene, na mazoea ya kunusa kila ngozi kabla ya kuikata. Katika miaka ishirini na miwili ya kuishi na Ruti aliuona mguu ule mara nyingi, maana nyumba ni moja na kitanda ni kimoja. Lakini hakuwahi kuugusa wala kuutaja. Alidhani kunyamaza ni heshima, na Ruti naye alidhani kunyamaza kwake ni kuchukizwa.

Pasaka ya mwaka 1952, mchungaji alitangaza kwamba wale waliooana kwa ng'ombe tu wangeweza kubarikiwa ndoa zao kanisani, Jumapili moja ya mwezi wa nane, kahawa ikishavunwa. Amoni na Ruti waliandikisha majina. Habari zilipofika Itaka, alikoolewa binti yao mkubwa Sekela, huyo binti alikuja na kitambaa cheupe, akampima mama yake pale pale uani. Alisema gauni litaishia juu kidogo ya kifundo cha mguu, kama wanavyoshona sasa, na chini yake mama atavaa viatu.

Ruti alimwambia ashone gauni liburuze chini. Hakueleza sababu, na Sekela hakuuliza. Amoni alikuwa karibu, ananoa mundu, akasikia yote.

Juma lililofuata alikwenda Vwawa kwenye duka la viatu. Mwenye duka alimshushia maboksi, akamwonyesha viatu vya kike vyeusi vyenye kisigino kifupi. Amoni akauliza kama anaweza kupata cha kulia kutoka boksi hili na cha kushoto kutoka boksi la viatu vya mtoto. Mwenye duka hakumcheka. Alimwambia kwa upole kwamba viatu huja kwa jozi, na vile viwili vitakavyobaki hatapata mtu wa kuvivaa. Amoni alishukuru, akatoka. Njia nzima ya kurudi alikuwa akifikiria ngozi ya ndama aliyokuwa ameianika nyuma ya ghala.

Kiatu hakuwahi kushona. Alichokijua ni tandiko la farasi, na alijipa moyo kwamba anayeweza kumvisha farasi hashindwi na binadamu. Aliiloweka ngozi katika maji ya majivu mpaka manyoya yakatoka, akaikwangua, kisha akaizamisha katika pipa lenye magome ya miombo yaliyopondwa. Kila siku aliigeuza kwa mti. Ruti alilalamikia harufu, akaambiwa ni kazi ya hatamu.

Tatizo lilikuwa kipimo. Amoni aliona aibu kumwomba mkewe mguu, kwa hiyo akafanya kama mwindaji. Mvua za mwisho za mwezi wa nne zilikuwa bado zinanyesha. Alimfuata Ruti kwa mbali njia ya mtoni, na alipopata nyayo mbili zilizosimama vizuri kwenye tope, akazipima kwa kamba, akafunga fundo kila alipotaka kukumbuka. Jirani yake Osea alimkuta ameinama hivyo, akamuuliza anatafuta nini. Amoni alisema anatafuta nguruwe. Osea alizitazama zile nyayo, akamtazama Amoni, akaendelea na safari yake.

Alichonga kalibu mbili za mti wa mringaringa, yaani miguu ya mti ambayo kiatu hujengwa juu yake. Zote mbili alizifanya ndefu sawa. Mawazo yake yalikuwa haya: kwa nje viatu vitafanana kabisa, na ndani ya kile cha kushoto atajaza pamba pale vidole vilipokosekana. Nani atajua? Akakata soli kutoka tandiko kuukuu alilopewa siku ya kuacha kazi. Ngozi ya juu aliivuta ikiwa bado imelowa juu ya kalibu, akaishikiza kwa misumari midogo, akaiacha ikauke. Akashona kwa uzi wa katani uliopakwa nta. Kazi yote aliifanyia ndani ya ghala, mlango umerudishwa.

Mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeiva miti yote imepinda, alimwita Ruti ghalani akamwonyesha. Vilikuwa vizito, na cha kulia kilikuwa na mshono uliokwenda upande, lakini vilikuwa viatu. Ruti akavichukua, akamwambia ageuke, akavivaa. Amoni alisikia hatua mbili, kisha kishindo. Pamba ilikuwa imejikusanya mbele, pua ya kiatu ikakunjana, na Ruti akaanguka juu ya magunia.

Alipomwinua, Ruti alikuwa ameshavivua. Aliuliza kipimo alikipata wapi. Amoni akaeleza habari ya tope na kamba. Ruti alimrudishia viatu. Alikwenda shambani, akachuma kahawa mpaka jioni bila kuzungumza na mtu, na Amoni alibaki na viatu vyake mkononi akijiona mjinga.

Asubuhi ya pili, Amoni ameketi kizingitini anakunywa uji, Ruti alitoka na beseni la maji. Akaliweka mbele yake, akaketi kwenye kigoda, akauosha mguu wa kushoto taratibu hadi kisigino, akaukausha kwa upande wa nguo yake. Kisha akaunyoosha na kuuweka juu ya magoti ya mumewe. Jua lilikuwa limeshatoka, na yeyote aliyepita njiani angeweza kuona.

"Baba Sekela," alisema, "mguu niliokuja nao ndio huu. Usinishonee mguu mwingine. Nishonee kiatu cha huu."

Amoni aliweka bakuli chini. Akaushika mguu kwa mikono miwili, akaupapasa kama anavyopapasa ngozi mpya, kovu kwa kovu, akavifikia vile vidole viwili, akauliza kama vinauma. Ruti alisema vinauma wakati wa baridi tu. Amoni akauliza kwa nini hakumwambia miaka yote. Ruti akasema, naye kwa nini hakuuliza. Wakatazamana, na Ruti ndiye aliyeanza kucheka, kwa sababu alimwaza mumewe ameinama kwenye tope, akakumbuka kwamba sasa Igamba nzima inamtafuta nguruwe. Maana Osea alikuwa amekwisha kuwatangazia watu, na vijana walikuwa wametega mitego miwili kando ya mto.

Siku hiyo hawakuchuma kahawa mpaka jua likawa juu. Amoni alichora mguu juu ya ubao kwa kipande cha mkaa, akazungusha kamba kwenye unyayo, kwenye mgongo wa mguu, kwenye kifundo. Ruti alikuwa anamsahihisha. Hapa pabane, hapa pasiguse. Kalibu mpya ya kushoto ilitoka fupi na pana, imejikunja kidogo kwa ndani, na haikufanana na kitu chochote alichowahi kukiona dukani.

Ngozi ya ndama iliyobaki ilitosha, ila haikuruhusu kosa. Hapo ndipo Ruti aliposogea. Tangu utoto alishona mikeka na vikapu vya chumvi, na mishono ya Amoni, aliyozoea kushonea farasi, ilimkera macho. Akamwambia Amoni atoboe, kushona amwachie yeye. Wakagawana hivyo. Mlango wa ghala sasa ulikuwa wazi. Amoni alitangulia na msharasi, Ruti akifuata na sindano mbili, moja inaingia juu na nyingine chini, anavuta uzi mpaka unalia, mishono midogo iliyolala kwa mstari kama punje za ulezi. Walibishana juu ya kisigino. Amoni alitaka kifupi kwa usalama, Ruti alitaka kama vile vya Vwawa. Wakakubaliana katikati, vipande vitano vya ngozi vilivyopigiliwa kimoja juu ya kingine, na kile cha kushoto kikaongezwa cha sita ili asichechemee. Weusi waliupata kwa masizi na nta ya nyuki, wakasugua kwa kitambaa siku tatu mfululizo, mpaka Ruti akaweza kuliona dirisha la ghala juu ya pua ya kiatu.

Alipovijaribu, alizunguka uani mara moja, mara mbili. Mara ya tatu alikwenda mpaka kwenye miti ya kahawa na kurudi, mikono ameweka kiunoni. Kisha alituma salamu Itaka kwamba gauni likatwe, liishie juu ya kifundo cha mguu.

Jumapili yenyewe kulikuwa na baridi ya asubuhi na ukungu mabondeni. Sekela alifika na gauni. Shangazi yake Ruti, mama mmoja mzee aitwaye Tumpe, alikuwa amepanda kutoka Ivuna siku tatu kabla na kundi la ndugu, wamebeba chumvi iliyofungwa kwa majani kwa ajili ya karamu. Nyumba nzima ilishughulika na Ruti: mmoja anafunga vifungo, mwingine anapaka mafuta, wa tatu anasugua viatu ambavyo havikuhitaji kusuguliwa tena.

Jozi nane za wanandoa zilikuwa zimepangwa kubarikiwa. Zikaitwa moja moja. Ilipofika zamu yao, Ruti alianza kutembea katikati ya kanisa, na viatu vikalia. Ngozi mpya ya soli ililia kwa kila hatua, cha kulia kwa sauti nene, cha kushoto kwa sauti nyembamba. Kwaya iliyokuwa inaimba taratibu ilijikuta inaufuata mwendo wake. Watoto wa mabenchi ya mbele walisimama ili waone. Ruti hakuharakisha wala hakuinamisha kichwa. Watu wote waliona kwamba kiatu kimoja ni kifupi kuliko kingine, na kwamba vyote viwili vinang'aa.

Walipofika mbele, mzee wa kanisa Jonasi, aliyesimama kando ya mchungaji, alianza kung'ata midomo. Macho yake yalikuwa chini. Amoni akafuata macho hayo. Alikuwa amevaa koti la kuazima na suruali iliyopigwa pasi, na chini ya suruali hiyo alikuwa peku. Tangu mwezi wa nne kichwa chake kilikuwa katika miguu ya mkewe, na si yeye, si Ruti, si Sekela, hakuna mtu aliyekumbuka kwamba bwana harusi naye ana miguu. Ruti aliona pia. Mabega yake yakaanza kutikisika. Mchungaji aliwauliza kama wako tayari, na ilibidi arudie swali, kwa sababu mara ya kwanza hakuna kati yao aliyeweza kujibu bila kucheka.

Karamu ilifanyika nyumbani. Nyama ilitosha, na chumvi ya Ivuna ilizidi. Ngoma ilipoanza, mama Tumpe aliketi kwenye mkeka, akamwita Ruti. Yeye ndiye aliyembeba siku chungu kilipopinduka, akamkimbiza kwa mganga huku naye akilia. Aliomba kuona. Ruti alipandisha gauni kidogo mbele ya watu wote na kuutoa mguu wake nje. Bibi kizee alipapasa mishono kwa kidole gumba, akauliza ni nani aliyeshona.

"Mimi," alisema Ruti. "Mume wangu alitoboa."

Kisha alirudi kwenye ngoma, akacheza na Sekela, akacheza na wakwe, akacheza peke yake, viatu vikilia chini yake. Osea alicheza naye pia, akamwambia hadharani kwamba hatimaye nguruwe amepatikana, na waliojua habari hiyo walicheka hadi wakakaa chini.

Jumatatu, wageni walipokwisha kuondoka, Ruti alitoa kigoda uani na kumkalisha Amoni. Alikuwa na ubao, mkaa na kamba. Akauweka mguu wa mumewe juu ya magoti yake, akauchora. Akauweka wa pili, akauchora juu ya ule wa kwanza. Halafu akapima tena kwa kamba, akamwambia atazame mwenyewe. Mguu wa kulia wa Amoni ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto kwa upana wa kidole kizima, na katika miaka yake arobaini na sita hakuna mtu aliyewahi kumwambia.