Banda la Vyama Viwili

Uchaguzi uliopita ulipokwisha, waheshimiwa hawakurudi kuokota mabango yao kando ya barabara za Ohio. Delbert akayaokota yeye, akawajengea banda kuku wa marehemu mkewe, Lorene. Ya chama hiki aliezekea, ya chama kile akazibia kuta. Yote yaliahidi daraja jipya. Lile la zamani lilikuwa limefungwa kwa ubovu Lorene alipougua; gari la wagonjwa likazunguka mbali, akakata roho njiani.

Sasa msimu wa kura ulikuwa umerudi, na Bwana Whitcomb, mgombea, akashuka garini, akaiona sura yake juu ya banda.

"Mzee wangu, kumbe uko upande wetu!"

"Mimi? Kuku ndio wako chini yako, mheshimiwa. Mpinzani wako anawakinga upepo."

Whitcomb akacheka kwa shida. "Safari hii daraja tunajenga."

"Mwenzio naye kasema hivyo hivyo. Mnagombania kukata utepe tu."

"Basi nikusaidie nini leo?"

Delbert akautazama upande mmoja wa banda uliobaki wazi. Theluji ilikuwa inanukia.

"Niachie mabango manne. Daraja mtajenga mkipenda, ila kuku wa Lorene wasinifie na baridi."