Kivuli Ndani ya Mtutu

Mtu ambaye hajawahi kuchungulia ndani ya mtutu mpya wa bunduki asinibishie kuhusu uzuri. Unauelekeza dirishani, unafumba jicho moja, na dunia yote inageuka duara za fedha, moja ndani ya nyingine, na kati yake nyuzi mbili za kivuli zinakwenda mbali, kimya kabisa. Nilipokuwa mdogo nilidhani kule mwisho ndiko anakoishi marehemu mama. Nyuzi zikinyooka, mtutu umenyooka. Zikivunjika, unagonga kwa nyundo kidogo pale zilipovunjika.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya baba yangu, Battista, katika karakana ya bunduki ya akina Zubelli, hapa kwenye bonde la Val Trompia. Kabla yake babu alikalia kiti kilekile cha dirishani, na kabla ya babu, baba yake. Mtutu hautoki bila herufi ya mnyooshaji, iliyogongwa upande wa chini ambako kitako cha mbao kinaifunika. Mnunuzi haioni maisha yake yote. Sisi tunajua ipo, na inatutosha.

Mwaka mmoja Ottorino Zubelli, mwenye karakana, alileta bunduki mpya ya kuwindia nguruwe pori: fupi, inajipakia yenyewe kila ukifyatua, inabeba risasi tano, kitako cha mti wa jozi, nyepesi hata ukipita nayo vichakani hainaswi na matawi. Niliipenda mara moja, nisiwe mwongo. Ottorino akasema mbele ya wote, "Mzee Battista, macho yako yamechoka. Huyu binti yako Delfina akiwa na jicho lako, kiti ni chake. Akiwa hana, naagiza mashine ya kupimia."

"Jicho analo," baba akasema. "Tena mdomo anao zaidi."

Wakacheka. "Chekeni tu," nikawaambia. "Nikikaa pale mtanisalimia kwa adabu."

Nilikitaka kiti kile kuliko nilivyowahi kumtaka mwanamume yeyote, na wamewahi kuja wazuri.

Asubuhi ya mtutu wa kwanza wa bunduki hiyo, ukungu wa mto Mella ulikuwa umepanda mpaka madirishani, na mwanga ukawa mweupe kama maziwa. Watu wote walikuja kusimama karibu, ndiyo desturi yetu. Mimi nilikuwa nimeuchungulia mtutu ule ulipoletwa, nikauona safi. Baba akautazama muda mrefu. Amezoea mitutu mirefu yule. Katika mfupi kivuli kinaishia mapema, naye akadhani kimevunjika. Akagonga mara moja, akanipa.

"Tazama, mwanangu. Vipi?"

Nikatazama. Nyuzi zilikuwa zimepinda. Ameuharibu mtutu mzima.

Nikaiona mikono yake ikisubiri juu ya magoti, nikawaona na wale wote waliomzunguka. Karakana nzima ilikuwa imejaa ule weupe, nami nikahisi nimo ndani ya mtutu, natembea kwenda kule mwisho. Nitamwaibishaje baba yangu mbele ya watu?

"Safi, Baba," nikasema.

Akagonga herufi yake. Tukala polenta, ugali wetu wa mahindi, na nyama ya sungura, tukanywa divai, na mchana kutwa nilitembea kama mtu aliye usingizini.

Siku ya tatu bunduki ikarudishwa na wakaguzi: mtutu umepinda. Ottorino akailaza mezani taratibu. "Wawili mmetazama," akasema, "na wawili hamkuona."

Baba akanigeukia. Macho yake yalikuwa na utando ambao miaka yote nilikataa kuutazama. "Delfina, uliona?"

Ningeweza kukana. Nilichoka. "Niliona, Baba. Nilikuonea huruma."

Akaipapasa bunduki pale mezani.

"Mimi sikukuomba huruma, mama," akasema polepole. "Nilikuuliza kwa sababu sioni."

Nililia palepale, mbele ya wote, wala sikujifuta.

"Jicho unalo," Ottorino akaniambia, na sauti yake haikuwa na ukali. "Lakini jicho lisilosema litanisaidia nini?" Akaenda kupiga simu.

Mashine ilikuja kabla ya Krismasi. Haihitaji mwanga wa nje, kwa hiyo dirisha wakaliziba kwa matofali. Mimi nafunga vitako sasa, na macho yangu ni mazima mpaka leo.